Majuma Sita ya Kamanyola

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Nilikuwa mwaka wa sita wa sekondari hapa Bukavu, katika sehemu ya mifugo, wakati nchi yetu ikiitwa Zaïre na sisi sote, wadogo kwa wakubwa, tukiitwa citoyens, yaani wananchi. Asubuhi hiyo prefe, yaani mkuu wa shule yetu, alituita wanafunzi kumi na wawili ofisini mwake, akafunga mlango, akatabasamu. Prefe hakuwa mtu wa kutabasamu. Ningekuwa na akili ningeogopa papo hapo.

Juma lililofuata tulitakiwa kushuka Kamanyola. Kila mwaka wanafunzi wa mwisho wa mifugo walipelekwa huko, kwenye shamba kubwa la ng'ombe katika uwanda wa Ruzizi, wakakae majuma sita wakijifunza kazi kwa mikono yao. Tuliyaita majuma hayo staji. Darasani tulikwisha kusoma kila kitu: majina ya kupe, joto la mwili wa ndama, vipimo vya dawa. Lakini ng'ombe wetu alikuwa ubaoni, amechorwa kwa chaki, mguu mmoja mfupi kuliko mingine. Ng'ombe mwenye pumzi alikuwa Kamanyola.

"Mukubwa moya wa chama anakuya toka Kinshasa," prefe alisema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, ambacho "ndiyo" huwa "njo". "Shule yetu njo imechaguliwa kumuimbia. Nataka watu wa sauti. Wale batabaki hapa kwa animation, staji yabo nitaihesabu kama imefanyika. Na alama ya muzuri."

Animation, kama hukuwa umezaliwa, zilikuwa nyimbo na ngoma za kukisifu chama tawala. Kila shule, kila ofisi, kila kiwanda kilikuwa na kundi lake la waimbaji. Mimi nilikuwa na sauti. Nasema hivi bila majivuno, maana sauti hiyo ndiyo iliyonipoteza. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kwenda juu.

Watatu kati yetu hawakuinua mkono. Tulipotoka nje tuliwazunguka kama kuku walioona panzi.

"Mwende munuse mavi ya ngombe!" tuliwapigia kelele. "Siye tutakunywa sukre na bakubwa!"

Sukre ni soda, mwanangu, na siku hizo mwanafunzi aliinywa Krismasi tu. Mmoja wa wale watatu alijibu, "Basi mukunywe na ya yetu." Juma lililofuata akapanda lori linaloteremka mlima wa Ngomo, amekalia godoro lake. Sikumwonea wivu hata kidogo. Nilimwonea huruma, kwa sababu ya joto na mbu.

Mwalimu wetu wa mifugo aliitwa Prof Bisimwa, maana kwetu kila mwalimu wa sekondari ni Prof. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, ambaye viatu vyake vilikuwa na matope hata alipofundisha ghorofani. Darasani alisema Kifaransa tu, kama walimu wote, lakini akikasirika alirudi kwenye Kiswahili cha nyumbani. Alinikuta uwanjani tukifanya mazoezi ya kuimba, akanivuta kando.

"Mugisho, weye unaenda Kamanyola ao hauendi?"

"Siendi, Prof. Prefe alisema staji itahesabiwa."

"Prefe alisema. Na ngombe nazo, zilisema nini?"

Wenzangu walicheka. Nami nikacheka, ili nisionekane mtoto.

"Unacheka," alisema. "Siku ngombe itaanguka mbele yako, utaiimbia?"

"Prof, siye hatutachunga ngombe. Bachungaji bako. Siye tutakuwa tunaandika."

Nililisema hilo kwa moyo mweupe kabisa. Ndivyo tulivyoamini wote. Tulidhani mtu husoma ili mikono yake ipumzike. Kwamba fundi wa mifugo ni mtu aliyevaa abacost safi, suti ya siku hizo, asiye na tai kama chama kilivyotaka, anayesimama kivulini na kuwaonyesha wengine kwa kidole. Prof Bisimwa akatamka taratibu, kwa Kiswahili cha vitabuni, kama anayetoa imla: "Kazi mbi si mchezo mwema." Akaenda zake.

Tuliimba majuma sita, asubuhi na mchana. Siku ya mgeni ilipofika tulisimama kando ya barabara tangu alfajiri, vitambaa vya chama vifuani, jua likituchoma. Alasiri magari yakapita. Moja lilikuwa na kioo kilichoteremshwa nusu, na ndani yake niliona mkono. Mkono ule ulipunga mara mbili. Basi. Magari yakakata kona, vumbi likatua midomoni mwetu iliyokuwa bado wazi. Hata ile sukre hatukuiona.

Sasa ikabaki ripoti. Shule ilidai kila mwanafunzi aandike kurasa thelathini juu ya staji yake. Nilikwenda mtaa wa Kadutu kwa kijana mmoja aliyemaliza mwaka uliotangulia, nikaazima ripoti yake, nikainakili neno kwa neno, nikibadilisha jina na tarehe. Alikuwa ameandika kwamba juma la tatu aliugua malaria siku mbili. Nikanakili na malaria. Niliugua ugonjwa wa mtu mwingine, mwanangu, juu ya karatasi, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Iliyobaki ni sahihi ya mwalimu wa mifugo. Prof Bisimwa alinirudishia ripoti mara mbili bila neno. Mara ya tatu prefe alimwita ofisini. Sijui waliongea nini. Alipotoka aliweka karatasi yangu ukutani pale pale barazani, akatia sahihi, akanipa bila kunitazama. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, sitakudanganya leo kwa vile nimezeeka.

Nilishinda mtihani wa taifa, nikapata diploma. Miezi michache baadaye nikapata kazi, na wengi wa rika langu hawakuipata. Parokia moja ya mlimani, upande wa Kabare, ilikuwa imejenga josho la ng'ombe, ikatafuta kijana mwenye diploma ya mifugo wa kulisimamia. Josho, kwa asiyelijua, ni mfereji mrefu wa saruji, mwembamba na wenye kina, uliojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe huruka ndani upande mmoja, huogelea mpaka shingo, hutokea upande wa pili akichuruzika. Padri alisoma karatasi zangu, akaona alama za staji, akanishika mikono yote miwili. "Hatimaye," alisema, "tumepata mtu aliyekwisha kuifanya kazi hii."

Walinipa na msaidizi, Muzee Cishugi, mtu aliyekuwa amechunga ng'ombe tangu meno yake ya kwanza. Hakujua kusoma. Alinipenda haraka, akaniita "dokta yetu ya kidogo," na kila asubuhi aliniletea maziwa kwenye kibuyu. Angeweza kuniambia ng'ombe ana homa kwa kumtazama masikio tu. Mimi nilitoa kipimajoto nikathibitisha kwamba amesema kweli, kisha nikaandika daftarini kana kwamba niligundua mimi.

Siku ya kulifungua josho iliwekwa wakati wa kiangazi. Vijito vya juu vilikuwa vimekauka, na vumbi la mlima lilikuwa jekundu mpaka kwenye nyusi za watu. Ng'ombe walitoka vilima vinne. Wengine walikuwa wametembea tangu kabla ya jua kuchomoza. Kwa Washi, wenyeji wa milima ile, mwanangu, ng'ombe si nyama wala si maziwa tu. Ng'ombe ndiye anayekuunganisha na wakwe zako, na mwenye ng'ombe huwa na mahali pa kukaa kati ya watu. Kumletea kijana mgeni ng'ombe wako amtumbukize kwenye maji ya dawa ni kumwamini kwa jambo zito.

Kati ya waliokuja alikuwepo mjane mmoja, M'Rukeba. Alikuja na ng'ombe wake wawili, hakuwa na mwingine, na mwanawe Murhula akiwaswaga. Murhula alikuwa rika langu. Aliacha shule mwaka wa nne wa msingi babaye alipokufa. Ng'ombe mmoja, mwekundu, mwenye pembe pana, alikuwa ni mahari yake. Wakwe walikwisha kuja kumtazama, wakamkubali. Ilibaki kumpeleka tu baada ya mavuno. Kupe walikuwa wengi mwaka ule, na mama hakutaka kupeleka ng'ombe mwenye kupe masikioni.

"Dokta," aliniambia, "huyu muniangalilie muzuri. Huyu si ngombe, huyu ni bibi ya mutoto wangu."

Watu walicheka. Murhula akainamisha kichwa kwa haya, lakini alikuwa anatabasamu.

Muzee Cishugi akaja karibu yangu. "Dokta, hizi ngombe hazijakunywa mayi," alisema kwa sauti ya chini. "Zimetoka mbali. Tuzishushe kwanza ku muto, kisha tuzirudishe."

Mto ulikuwa bondeni. Kushuka, kunywesha na kupanda tena kungekula muda wa saa mbili. Na saa nne Padri alikuwa anakuja na chifu, na wageni kutoka mjini, kuangalia josho likifanya kazi.

"Muzee, bageni banafika saa ine," nilimwambia. "Batakuta nini hapa? Mavi tupu?"

"Batangoya. Muntu anajua kungoya. Ngombe yenye kiu haijue."

"Ni dawa, Muzee. Si kinywaji."

"Weye unajua ni dawa," alisema. "Yeye anajua ni mayi."

Watu walikuwa wanasikiliza. Nikaona macho yao yakitoka kwake yakija kwangu, na damu ikanipanda kichwani. Nilisema kwa sauti, ili wote wasikie: "Nani iko na diploma hapa?"

Muzee Cishugi alirudi hatua moja nyuma. "Diploma iko yako, dokta," alisema. "Ngombe njo zetu." Akaenda kusimama kwenye lango, akaanza kuwapitisha.

Mwanangu, kila mwanafunzi aliyekaa Kamanyola hata siku mbili alilijua jambo hili. Ni la kwanza linalosemwa pale, kabla ya kusalimiana: ng'ombe huogeshwa akiwa ameshiba maji. Mwenye kiu akiogelea atakunywa. Halikuwemo katika ripoti niliyoinakili, kwa sababu aliyeiandika aliliona dogo mno. Mambo ambayo wafanyakazi wanayajua kama jina lao hawayaandiki. Hukaa mikononi na midomoni mwao, na ukitaka kuyapata inabidi uwe karibu.

Wageni walifika. Ng'ombe waliruka mmoja baada ya mwingine, maji yakarushwa juu, wanawake wakapiga vigelegele. Padri alifurahi kama mtoto. Niliwaona baadhi ya ng'ombe wakizamisha midomo, na wengine, walipotoka, wakilamba madimbwi ya uani. Niliwaona. Nilikuwa nikimwelezea chifu habari za kupe kwa Kifaransa. Sikukatisha sentensi.

Wageni walikula, wakaondoka. Saa nane Murhula alirudi akikimbia, peke yake. "Dokta, kuya! Inatetemeka!"

Nilimkuta yule mwekundu nyuma ya shule ya parokia, miguu imetanuka, mate yakimtoka kama sabuni. Akaanguka ubavu, akawa anapiga hewa kwa kwato kama aliye bado ndani ya josho anatafuta upande wa kutokea. Mama yake Murhula alikuwa amemshika pembe, akimwita. Watu wakasogea, wakanipisha nafasi katikati. Walinipisha kwa heshima, ndilo lisiloniacha. Nikafungua mkoba wangu. Ulikuwa na kipimajoto, sindano mbili na daftari. Nikatoa kipimajoto.

"Fanya kitu," M'Rukeba alisema. "Dokta, fanya kitu."

Sikujua la kufanya. Nilishika kipimajoto mkononi nikasimama.

Aliyefanya kitu ni Muzee Cishugi. Alipiga kelele aletewe mkaa, akawatwangisha wanawake, akauchanganya na maji, akawa anawamwagia kooni kwa chupa wale walioanguka, mmoja huku, mwingine kule. Walianguka watano. Wawili aliwaokoa. Watatu walikufa kabla jua halijazama, na kati ya hao watatu, wawili walikuwa wa M'Rukeba.

Hapo ningeweza bado kuwa mtu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu anaweza kusema, "Ni mimi niliyeyamwaga." Padri aliniomba niandike ripoti. Nikakaa mezani, na kalamu ikaenda yenyewe. Niliandika kwa Kifaransa kizuri kwamba mchungaji wa zamu, licha ya maagizo, alishindwa kuwanywesha mifugo kabla ya kuwaogesha. Kila sentensi ilikuwa imenyooka. Shule ilikuwa imenifundisha, majuma yale sita, namna ya kuandika vizuri nisichokiona na nisichokifanya. Hilo ndilo somo moja nililofuzu kweli.

Baraza la parokia lilimwita Muzee Cishugi, likamsomea karatasi, likamtafsiria. Watu walioyasikia maneno yetu pale josho walikuwepo. Hawakusema. Nani atashindana na karatasi? Naye hakujitetea. Alinitazama mara moja tu, akasema, "Karatasi imekwisha kusema." Wakamwondoa kazini. Na kwa kuwa neno la parokia ni zito, wenye ng'ombe nao wakawaondoa ng'ombe wao mikononi mwake, mmoja mmoja, kwa visingizio vya adabu. Mwishowe akashuka Bukavu kukaa kwa binti yake Kadutu, kati ya mabati na ngazi za udongo, mahali ambapo hapana hata mbuzi wa kutazama masikio yake.

Habari huteremka mlima haraka kuliko maji. Jumapili moja Prof Bisimwa alifika kwangu, ameshuka kwenye lori la makabichi. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Zilikunywa mayi kwanza?" aliniuliza.

Nikamsogezea kiti tena.

"Nakuuliza, Mugisho. Zilikunywa?"

"Hapana, Prof."

Alipangusa uso wake kwa kiganja. "Nilikunyima sahihi mara mbili," alisema. "Ya tatu nikaitoa. Niko na batoto saba, na prefe njo alikuwa anaandika majina ya balimu ya kufukuzwa. Basi nikatia. Hizo ngombe tuliziua siye bawili." Kisha akasema, "Mimi naenda kwa Padri sasa. Weye uende kwa ule maman. Leo."

Yeye alikwenda. Mimi sikwenda.

Alimwambia Padri kwamba staji yangu haikufanyika, kwamba sahihi yake ilikuwa ya uongo. Padri aliniita. "Ni kweli hukwenda Kamanyola?" Nami nikajibu, "Nilikwenda, Padri." Akatoa karatasi kwenye sanduku lake. Sahihi ilikuwepo. Basi mtu mwaminifu akashindwa na sahihi yake mwenyewe, na mwongo akabaki na kazi. Shuleni nako waliposikia kwamba amekiri, prefe alimhamisha Shabunda, huko ndani kabisa, ambako hata barua hufika imechoka. Prefe mwenyewe alibaki. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wamesema wahenga. Mimi nilijikwaa ulimi mara mbili, na walioanguka ni wengine.

Nilikaa mlimani miaka minne. Tangu siku ile hakuna ng'ombe aliyeingia joshoni bila kunywa. Nilijifunza, naam, kwa ng'ombe wa mjane. Nyumba ya M'Rukeba ilionekana kutoka dirishani kwangu. Niliweza kuona moshi wake. Wakwe walingoja mavuno, wakangoja na mengine, kisha yule binti akaolewa Walungu. Murhula akaenda Kamituga kuchimba dhahabu, ili apate ng'ombe mwingine. Mwaka wa kwanza alituma salamu kwa wapita njia. Mwaka wa pili wakasema ameonekana njia ya Shabunda, na kundi la wachimbaji. Baada ya hapo hakuna aliyesema neno.

Siku ilipokuja habari kwamba Muzee Cishugi amekufa Kadutu, nilitembea mpaka kwa M'Rukeba. Ni mwendo wa dakika kumi. Ulinichukua miaka minne. Alikuwa anapepeta maharagwe. Nikamwambia yote, nimesimama: Kamanyola, ripoti, josho, karatasi. Hakuacha kupepeta.

Nilipomaliza aliuliza, "Weye ulijua kama ngombe yenye kiu itakunywa?"

"Sikujua, maman."

"Cishugi alijua?"

"Alijua."

"Basi juu ya nini weye njo ulikuwa dokta?"

Aliendelea na maharagwe yake. Hakunifukuza wala hakunikaribisha. Baada ya muda nikaondoka, na siku ile ile nikamwandikia Padri ukweli, nikaacha kazi. Ukweli wangu haukumrudisha mtu. Cishugi alikuwa ardhini na jina baya, na Murhula hakuwepo wa kuambiwa. Tangu hapo nimefanya kazi za stoo na za ofisi, nimelea watoto, nimezeeka. Sijawahi tena kuitwa dokta, nami sikustahili kuitwa.

Nimekaa na hadithi hii kimya kwa miaka mingi. Nimeitoa kwa sababu mwezi uliopita mjukuu wangu, msichana anayemalizia shule ya uuguzi, alinijia na uso wa furaha. "Koko," yaani babu, aliniambia, "hauna mtu ku hôpital wa kunitilia sahihi ya staji? Maternité iko mbali, na tuko na répétition ya nyimbo za sherehe ya mwisho." Nilimpenda sana wakati ule, na nilimwogopa. Nilimwona akisimama juu ya mwanamke anayejifungua, ameshika kipimajoto.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe unayemaliza shule mwaka huu. Diploma haisemi kwamba unajua. Inasema kwamba watu wanaweza kukuamini, na hilo ni jambo la kutisha kuliko kutojua. Siku utakapoivaa, watakupisha katikati, watakupa mtoto wao, hesabu yao, ukuta wa nyumba yao, ng'ombe wao. Hawataomba kuona majuma yako sita. Watadhani ulikwenda.

Basi nenda. Nenda mahali pa joto na mbu, ukalale juu ya godoro jembamba, uonyeshwe kazi na mtu asiyejua kusoma. Kosea huko, mbele ya anayejua, kwa sababu kosa la mwanafunzi hurekebishwa na mwalimu wake, bali kosa la fundi hulipwa na mtu baki. Ukiambiwa kwamba staji yako itahesabiwa bila wewe kwenda, jua kwamba unaibiwa, hata kama mwizi anatabasamu na wewe unashangilia. Kuuliza si ujinga. Ukiingia kazini, mtafute kwanza yule aliyeikuta kazi hiyo kabla yako, na akikwambia neno mbele ya watu, lichukue mbele ya watu. Aibu ya dakika moja haijaua mtu. Mimi niliikataa, nikaibeba miaka hamsini.

Na utakosea tu, kwa maana u binadamu. Siku hiyo usiikimbilie kalamu. Mguu wako uwahi mlangoni kwa uliyemkosea, jua lile lile, hata kama huna cha kumpa. Ukichelewa, utakuta maharagwe yanapepetwa na hakuna aliyebaki wa kukusamehe kwa niaba ya waliokwenda.

Na ninyi walimu, najua mishahara yenu na najua hofu zenu. Lakini mkatalieni mtoto mapema, akiwa bado na umri wa kulia na kusahau.

Mwanangu, mimi sina mali ya kukurithisha. Nakuombea Mungu wa babu zetu akupe bwana wa kazi mkali na mikono isiyochoka kujifunza. Akuepushe na sifa usizozitolea jasho. Popote utakapofika, watu waliokuletea walicho nacho warudi nacho nyumbani kizima, na usiku ulale. Pokea baraka hii ya mzee aliyepotea. Njia niliyoiona kwa kuchelewa, wewe uipite ukiwa na nguvu.